Siasa Inapoingia Nyumbani: Somo Kutoka Nyumba ya Mfalme Daudi



Tunapotaja siasa, wengi wetu huwaza mikutano ya hadhara, vipaza sauti na mabango. Lakini iko siasa nyingine isiyohitaji kitambulisho wala debe la kura. Hufanywa jikoni, sebuleni na hata chumbani, na wapiga kura wake wa kwanza ni watoto wetu. Mume hutafuta watu wa kumuunga mkono dhidi ya mkewe. Mke naye hutafuta wa kwake dhidi ya mumewe. Mbele ya watu wanatabasamu, lakini mlango ukifungwa kila mmoja anahesabu watu wake. Nyumba ya namna hiyo imekwisha kuvunjika, hata kama wote wawili bado wanalala humo.

Katika somo hili tutaitazama nyumba moja iliyovunjwa na siasa ya namna hiyo. Si nyumba ya jirani, kwa hiyo hakuna atakayesema kwamba tumemsengenya. Ni nyumba ya mfalme Daudi. Habari zake ziko katika Kitabu cha Pili cha Samueli, sura ya 11 hadi ya 19. Tafuteni jioni moja, mzime simu na televisheni, mzisome sura hizo pamoja. Ni ndefu kidogo, lakini hazichoshi.

NYUMBA ILIANZA KUPASUKA WAPI?

Daudi alikuwa na wake wengi, na watoto wa mama mbalimbali. Pamoja na hao wote, alimtwaa Bathsheba, mke wa askari wake Uria, naye akapata mimba. Ili kuficha jambo hilo, mfalme alimwita Uria kutoka vitani na kumhimiza aende kwake akapumzike. Uria alikataa kulala nyumbani wakati wenzake wako vitani. Ndipo Daudi alipomrudisha vitani na barua, na ndani ya barua hiyo mlikuwa na amri ya kumweka mahali atakapouawa. Uria mwenyewe ndiye aliyeibeba.

Angalieni unafiki ulioko hapa. Mbele ya watu, mfalme mwema anamwoa mjane wa askari shujaa. Kwa siri, yeye ndiye aliyemfanya kuwa mjane. Nabii Nathani alipomkabili, Daudi alikiri dhambi yake, na Mungu akamsamehe. Lakini watoto wa nyumba ile walikuwa wamekwisha kuona jinsi mkubwa anavyopata anachokitaka: kwa hila, kwa kutumia watu, na kwa kuonyesha uso mwingine hadharani.

Haikuchukua muda mrefu. Amnoni, mzaliwa wa kwanza, alimtamani Tamari, dada yake wa baba mmoja. Binamu yake Yonadabu alimfundisha ajifanye mgonjwa, amwombe baba yao amtume Tamari aje kumpikia. Daudi hakujua lililopangwa. Alimtuma binti yake mwenyewe. Amnoni akamshika kwa nguvu, akamnajisi, kisha akamfukuza na kufunga mlango. Tamari alirarua vazi lake, akaenda akilia kwa sauti.

Sasa tazameni wanaume wawili waliopaswa kumtetea. Absalomu, ndugu yake wa tumbo moja, alimwambia anyamaze, kwa kuwa aliyemtendea hivyo ni ndugu yake. Daudi baba yake aliposikia alikasirika sana. Lakini hatusomi kwamba alimwadhibu Amnoni. Wala hatusomi kwamba alimwita binti yake akamsikiliza. Tamari alibaki katika nyumba ya Absalomu, mpweke, na baada ya hapo hasikiki tena akisema neno.

Kesi kubwa kuliko zote ilitokea ndani ya nyumba ya mfalme, na mfalme, ambaye ndiye hakimu wa taifa zima, hakuisikiliza.

UKIMYA ULIOGEUKA KUWA SILAHA

Absalomu alikaa miaka 2 bila kumwambia Amnoni neno lolote, la heri au la shari. Mtu angeweza kudhani mambo yameisha. Kisha akafanya karamu ya kukata manyoya ya kondoo, akawaalika wana wote wa mfalme, na kumsihi baba yake amruhusu Amnoni aje. Huko akaamuru auawe. Kwa mara ya pili Daudi alitumiwa na mwanawe bila kujua.

Absalomu akakimbilia Geshuri kwa babu yake mzaa mama, mfalme Talmai, akakaa huko miaka 3. Baadaye Yoabu, mkuu wa jeshi, alifanya mpango akarudishwa Yerusalemu. Lakini mfalme aliagiza asimwone uso. Baba na mwana wakaishi katika mji mmoja miaka 2 bila kuonana! Msishangae sana. Ziko nyumba ambamo mume na mke wako chini ya paa moja, na maneno yao hubebwa na mtoto wa darasa la tatu: "Mwambie baba yako chakula kiko mezani." "Mwambie mama yako nimeshiba."

Mwishowe Absalomu alichoma shamba la shayiri la Yoabu ili tu apate mtu wa kumsikia. Ndipo alipoitwa kwa mfalme, akainama, na baba yake akambusu. Lakini hatuelezwi kwamba walizungumza juu ya Tamari. Hatuelezwi kwamba walizungumza juu ya Amnoni. Walibusiana na jambo lenyewe likabaki pale pale.

MGOMBEA ANASIMAMA LANGONI

Ndipo Absalomu alipoanza siasa. Alijitafutia gari la farasi na watu 50 wa kukimbia mbele yake. Akawa anarauka na kusimama kando ya njia ya lango la mji. Siku zile lango lilikuwa mahali pa kuamulia kesi, kama vile leo watu wanavyokwenda barazani kwa chifu. Kila aliyekuja na shauri, Absalomu alimwita na kumuuliza ametoka mji gani. Kisha alimwambia kwamba madai yake ni ya haki, ila mfalme hakuweka mtu wa kumsikiliza. Aliongeza kwamba laiti yeye angekuwa mwamuzi, kila mtu angepata haki yake. Mtu akitaka kumsujudia, Absalomu alimshika na kumbusu. Aliendelea hivyo kwa miaka 4, mpaka mioyo ya watu ikawa yake.

Wapendwa, tuchunguze alivyofanya, kwa sababu ndivyo inavyofanywa hata leo.

Kwanza, alisema nusu ya ukweli. Ilikuwa kweli kwamba kuna kesi ambayo mfalme hakuisikiliza, na Absalomu aliijua kuliko mtu yeyote, maana ilikuwa ya dada yake. Lakini pale langoni hatumsikii akimtaja Tamari. Uchungu wa dada yake ulikuwa umegeuka kuwa ngazi yake ya kupandia.

Pili, alimsikitikia kila mtu. Hakusikiliza upande wa pili wa shauri lolote. Kila aliyepita aliambiwa ana haki. Hakimu anayempa haki kila anayeingia hatafuti haki, anatafuta wafuasi.

Tatu, alitumia dini. Alimwomba baba yake ruhusa ya kwenda Hebroni kutimiza nadhiri kwa Bwana. Baba akamwambia aende kwa amani. Kumbe Hebroni ndiko alikopanga atangazwe mfalme. Watu 200 wa Yerusalemu walialikwa wakaenda naye kwa moyo safi, wasijue lolote.

Mnajua mwisho wake. Daudi alikimbia mji akipanda Mlima wa Mizeituni, analia, miguu mitupu. Absalomu, kwa shauri la Ahithofeli, aliwaingilia masuria wa baba yake mbele ya macho ya watu. Wanawake ambao hawakumkosea yeyote walifanywa tangazo la siasa. Daudi naye alimrudisha rafiki yake Hushai mjini ajifanye mfuasi wa Absalomu. Mahali hapo ukweli ulikuwa umekwisha kuhama pande zote mbili. Vita vilipiganwa katika msitu wa Efraimu, na Maandiko yanataja watu 20,000 waliokufa siku hiyo. Absalomu alinasa kichwa katika mwaloni, na Yoabu akamchoma. Daudi aliposikia, alilia akitamani angekufa yeye badala ya mwanawe. Maneno ya upendo aliyokosa kumwambia mwanawe kwa miaka mingi aliyapata siku ambayo mwana hawezi tena kusikia.

Hebu jumlisheni: miaka 2 ya kimya, 3 ya uhamishoni, 2 ya kutoonana, 4 ya langoni. Ni miaka 11 tangu kilio cha Tamari mpaka vita. Katika miaka hiyo yote palitakiwa kikao kimoja cha ukweli. Hili ndilo fundisho letu: asiyesikilizwa nyumbani hutafuta wafuasi nje, na akishawapata, hataki tena kusikilizwa, anataka kushinda.

ABSALOMU WA SIKU ZETU

Nchini kwetu tumeona jinsi siasa ya nje na ya ndani zinavyoshikana mikono. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Ndoa za watu wa makabila mawili nazo ziliingia majaribuni. Mwanamke aliyekuwa mke na mama kwa miaka mingi aliitwa mgeni na mashemeji zake. Mwanamume aliulizwa na ndugu zake yuko upande gani. Waliosimama imara ni wale waliokataa kujibu swali hilo.

Lakini hata pasipo uchaguzi, Absalomu yuko langoni. Mtamtambua kwa alama hizi.

Alama ya kwanza ni wema wa hadharani. Mtu ni mchangamfu katika jumuiya, wa kwanza kutoa katika harambee, lakini nyumbani karo haijalipwa. Au ametengana na mkewe, na kwa miezi mitatu hakutuma chochote. Siku moja kabla ya kuitwa kwa wazee analeta gunia la mahindi na mtungi wa mafuta ili apate la kusema. Mke naye aweza kulia mbele ya wazee machozi ambayo hukauka akipita lango.

Alama ya pili ni kumnunua mtoto. "Ukija kukaa kwangu nitakununulia simu." "Kati yangu na baba yako, nani anakupenda?" Mtoto akirudi kutoka upande wa pili anahojiwa kama shahidi: nani alikuja kumtembelea mama, baba alilala saa ngapi, walikula nini. Mtoto huyo hujifunza upesi. Kwa baba anasema baba anachotaka kusikia, na kwa mama vivyo hivyo. Tunamwona ni mtulivu, kumbe anajifunza kuwabusu watu bila kuwapenda. Miaka ishirini baadaye atamfanyia mke wake, au taifa, yale aliyozoea.

Alama ya tatu ni kukusanya ukoo. Ujumbe wa hasira ambao mwenzako alikuandikia usiku unapigwa picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Asubuhi shangazi, wajomba na binamu walioko Ughaibuni wamekwisha kutoa hukumu. Nyinyi wawili mwaweza kusameheana Jumapili, lakini ukoo hautasahau kwa miaka kumi.

Alama ya nne ni Hebroni, yaani dini kutumiwa kama pazia. Katika jumuiya mtu anainua nia ya maombi: "Tumwombee mke wangu Mungu amwondolee kiburi." Hilo si ombi, ni mashtaka. Majirani waliokuja kusali kwa moyo safi wanarudi kwao wakiwa wafuasi, kama wale watu 200.

JE, BASI NINYAMAZE?

Hapana! Hapa tusikosee. Mtu asitumie somo hili kumfunga mdomo mwenzake. Neno "nyamaza" ndilo lililomwangamiza Tamari na kuiteketeza nyumba nzima. Mwanamke anayepigwa, mwanamume anayepigwa, mtoto aliyeguswa vibaya na mjomba au na mzazi, hawa wasiambiwe wafunike aibu ya familia. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 na Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 ziko kwa ajili yao. Kwa mtoto aliye hatarini, simu ya bure ni 116. Kanisa lenyewe, katika Sheria yake ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, linakubali kwamba mwanandoa anayemletea mwenzake au watoto hatari kubwa ya mwili au ya roho anampa sababu ya haki ya kuondoka; na kama kungoja ni hatari, aweza kuondoka kabla ya kupata kibali cha askofu.

Basi tofauti iko wapi? Anayetafuta msaada huenda kwa mtu mwenye uwezo wa kumsaidia, humweleza yote anayoyajua, na hutaka jambo liishe. Anayefanya siasa huenda kwa watu wengi, huwaeleza nusu, na jambo likikaribia kuisha yeye huhuzunika. Jipimeni kwa kipimo hicho.

KWA WALIOKWISHA KUTENGANA

Baadhi yenu mnasoma ukurasa huu mkiwa peke yenu. Msifikiri kwamba hauwahusu. Kutengana kunaweza kuwa lazima, lakini kuendelea kupigana kwa mikono ya watoto si lazima. Katiba yetu ya mwaka 2010, ibara ya 53, inampa mtoto haki ya malezi na ulinzi wa wazazi, na wajibu huo ni sawa kwa mama na baba, wawe wameoana au hawakuoana. Kwa hiyo chakula na karo si zawadi ya kampeni. Na kumwona mzazi, pasipo na hatari, si tuzo ya mtoto kwa kusema vizuri. Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwasihi wazazi waliotengana wasimfanye mtoto kamwe kuwa mateka.

Jaribuni hili. Habari za karo, sare na kliniki mwandikiane nyinyi wenyewe, kwa maneno machache yasiyo na sumu. Mtoto akirudi kutoka upande wa pili, muulize kama ameshiba na kama amecheza, basi. Akianza mwenyewe kueleza jambo, msikilize bila kuchimba. Na akieleza jambo la kumdhuru, chukua hatua mara moja. Usilihifadhi kama risasi ya siku ya kesi.

KWA MLIO PAMOJA: KAENI LANGONI PENU

Daudi alimwachia Absalomu lango. Nyinyi msiliache. Wekeni jioni moja kila wiki, watoto wakishalala. Mmoja aseme dakika kumi bila kukatizwa. Mwingine asijitetee, kwanza arudie kwa maneno yake alichokisikia, mpaka mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema. Kisha mbadilishane. Mwanzoni itaonekana kama mchezo wa watoto. Mtashangaa ni mara ngapi mtu hurudia jambo ambalo mwenzake hakulisema kabisa.

Msisameheane juu juu. Kosa litajwe kwa jina lake: pesa za chama nilizotumia bila kukuambia, tusi nililomtupia mama yako, usiku niliolala nje. Busu bila maneno ni lile la Daudi na Absalomu.

Mkishindwa, chagueni mtu mmoja au mume na mke mmoja wa kuwasaidia: wasimamizi wenu wa ndoa, paroko, au mzee anayeaminiwa na pande zote mbili. Mwende wote wawili. Anayekimbia kwenda peke yake kwanza ili atangulie kusikilizwa amekwisha kusimama langoni.

Na msimu wa uchaguzi ukija, mpigie kura mnayetaka, hata kama hamkubaliani. Lakini jina la kabila la mwenzako lisitumike nyumbani kama tusi, hata kwa utani. Watoto wenu ni wa makabila yote mawili, nao wanasikia.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, katika nyumba yetu kuna Tamari, yaani mtu aliyeumizwa na kuambiwa anyamaze? Nani atakwenda kumsikiliza?

2. Nikigombana na mwenzangu, ni nani ninayemwambia kwanza, na ninataka anifanyie nini?

3. Ni mara ngapi wiki hii tumemtumia mtoto kama mjumbe au mpelelezi?

4. Ni jambo gani tulilobusiana juu yake bila kulizungumza?

Swali la nne ndilo gumu kuliko yote. Lianzeni hilo, kila mmoja ataje jambo moja tu, na mwenzake asijibu mpaka amekwisha kusikia.